Zawadi ya Wizi Ambao Haukufanyika

Kuna watu wanaojitumia pesa wenyewe. Kabla sijaanza kukaa kwenye kioski cha pesa ya simu sikulijua hilo. Mtu anasimama dirishani, anasema anataka kuona kama laini yake inafanya kazi, kisha anaandika namba yake mwenyewe na kubonyeza tuma. Simu inamkatalia. Anabonyeza tena, inamkatalia tena, halafu ananigeukia mimi kwa hasira kana kwamba mimi ndiye niliyemkatalia.

Mama mmoja wa hapo kwetu Lindi, kijiji cha Kibera, alikuwa na sababu yake. Alitaka mumewe akichungulia ile simu aone pesa "zimetumwa" ili asiziombe. Nilimweleza kwamba haiwezekani, simu haikubali ujitumie. Alinitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Sasa nyinyi hapa kazi yenu ni gani?" Akaondoka bila hata kununua kadi.

Mimi si mvumilivu. Mwenye kioski, mama wa Kinubi ambaye familia yake iko Kibera tangu enzi za babu yake askari, alikuwa akiniambia kila mara, "Binti, wateja watakukimbia na huo uso." Lakini hakuniachisha kazi, kwa sababu pesa zake hazikuwahi kupungua, na hakujali kwamba wateja wakiisha nilikuwa nafungua kompyuta yangu kuukuu juu ya meza na kusoma.

Nilichokuwa nikisoma ni programu za mikopo. Sizungumzii zile za simu zinazompigia mama yako ukichelewa kulipa. Hizi ni za sarafu za kidijitali. Hazina ofisi wala karani. Watu wanaweka akiba yao humo, wapate riba. Wengine wanaweka dhamana na kukopa ile akiba. Kila kitu kinaamuliwa na programu yenyewe, na mistari ya programu iko wazi mtandaoni, yeyote anaweza kuisoma. Kwa kuwa iko wazi hata kwa wezi, wenye kuziandika wanatoa tangazo: ukipata tundu, usiingie, tuambie kimya kimya, tutakupa zawadi. Tundu likiwa kubwa, zawadi inakuwa kubwa. Tundu lako likiwa tayari limeonwa na mtu mwingine, unaambiwa asante.

Asante nilikuwa nimezikusanya nyingi. Kila nilipopata kitu, kulikuwa na mtu katika nchi ambayo stima haipotei aliyekuwa ameniwahi. Nilijifunza kazi hii katika kituo kimoja cha vijana kule Sarang'ombe, na wenzangu wote niliosoma nao walikuwa wameiacha. Nilibaki kwa ukaidi tu.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa kabla ya saa sita. Jamaa mmoja wa boda boda alikuja kujaribu laini.

"Sister, hii kitu inakataa," alisema.

"Inakataa kwa sababu unajitumia."

"Sasa? Si ni doh yangu?"

"Ni yako. Iko kwako. Unataka iende wapi?"

Alibonyeza mara nyingine mbele ya macho yangu, kwa dharau. Nikageuza uso nirudi kwenye kompyuta ili nisimtukane, na mbele yangu kulikuwa na sehemu ya programu moja ya mikopo inayoshughulika na kutuma risiti. Nikajiuliza, bila kufikiri sana, hii nayo ingemjibu nini huyu mjinga.

Nieleze taratibu. Katika programu ile, ukiweka dhamana unapewa risiti, na risiti unaweza kumtumia mtu mwingine. Ukitoa amri ya kutuma, programu inaangalia mtumaji ana risiti ngapi, inaangalia mpokeaji ana ngapi, inashika hesabu zote mbili kichwani. Kisha inampunguzia mtumaji na kuandika. Kisha inamwongezea mpokeaji na kuandika. Kama ni watu wawili, hakuna ubaya. Lakini kama mtumaji na mpokeaji ni mtu yule yule, maandishi ya pili yanafuta ya kwanza. Alikuwa na kumi, akajitumia kumi. Programu imeandika sifuri, halafu juu ya sifuri ikaandika ishirini. Anabaki na ishirini. Akijitumia tena, arobaini. Halafu anachukua risiti hizo hewa, anaziweka kama dhamana, na anakopa pesa za kweli za watu mpaka sanduku la akiba libaki tupu.

Simu ya yule jamaa ilikuwa na ulinzi huo, ndiyo maana ilimkatalia. Hawa wengine hawakuuweka. Nadhani walifikiria sana juu ya wezi, na hawakuwahi kumfikiria mtu anayejaribu laini.

Nilitengeneza nakala ya programu kwenye kompyuta yangu, mbali na pesa za mtu yeyote, nikajitumia. Risiti zikaongezeka maradufu. Nikafunga dirisha la kioski na kuning'iniza kile kibao cha "Narudi". Nilikuwa nimeketi peke yangu gizani ndani ya mabati, na sikuwa na furaha hata kidogo. Niliogopa. Kama mimi nimeliona kwa sababu ya mtu wa boda boda, basi mwingine anaweza kuliona muda wowote kwa sababu yake mwenyewe, na yeye huenda asiandike barua.

Niliandika ripoti, nikaisoma, nikaituma. Jibu la kwanza lilikuja papo hapo, lile la mashine: tumepokea, tutaangalia, na kumbuka kwamba ukimwambia mtu yeyote kabla hatujarekebisha, unaweza kupoteza zawadi. Baada ya hapo kimya. Jumamosi nzima kimya. Nilikuwa nawahudumia watu huku nimetoa macho kwenye simu yangu, mpaka nikampa mteja mmoja pesa ya mwenzake na kuanza kuwakimbilia wote wawili njiani.

Jumapili nilikuwa na safari ya Kawangware kwa dada yangu. Chama chao cha kuweka akiba kilikuwa kinakutana kwake baada ya kanisa, na alikuwa ameniomba nije kwa sababu programu waliyokuwa wakiwekea pesa "imebadilika uso" na hakuwa na uhakika abonyeze wapi.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Alikuja Nairobi kabla yangu, akafua nguo za watu kwenye nyumba za upande wa pili wa barabara, akanileta, akanisomesha kwa mikono hiyo hiyo. Katika chama hicho alikuwa mwekahazina. Mwekahazina aliyemtangulia alikuwa amehepa na mchango wa mwaka mzima. Watu walienda kwake wakakuta chumba kimeshapangishwa kwa mtu mwingine. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kushika pesa. Dada ndiye aliyeleta wazo la kuziweka kwenye programu ya simu inayotoa riba kwa dola, ambapo kutoa kunahitaji simu mbili, yake na ya mwenyekiti. Aliwaambia, "Hii haina miguu ya kuhepa." Walicheka, wakakubali. Ni watu wa kufua, wa kuuza mboga, wa kufanya kazi za nyumba. Mchango huo ulikuwa karo, na kwa mmoja wao, upasuaji wa jicho.

Mimi nilijua wanatumia programu fulani, lakini ilikuwa na jina la Kiswahili na rangi za kupendeza, na sikuwahi kuitazama zaidi.

Nilifika nikawakuta wameshaketi, chai imemiminwa, chapati zimefunikwa. Dada alinipa simu yake. "Angalia hapa, sis. Mahali pa kuweka pamehamishwa." Nilitafuta, nikashuka chini ya ukurasa, na pale chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na jina la wale wanaokopesha akiba hizo. Lilikuwa jina la ile programu yenye tundu. Programu ya dada ilikuwa uso tu. Nyuma yake pesa zao zote zilikuwa zimelala ndani ya sanduku ambalo mimi nilijua jinsi ya kulimaliza kabla chai haijapoa.

"Umepapata?" dada aliuliza.

"Bado," nikasema. "Ebu kuja nje kidogo."

Tulisimama nyuma, kwenye kamba za nguo. Alikuwa bado ameshika kitambaa cha kushikia sufuria.

"Msiweke leo," nilimwambia.

"Kwa nini?"

"Usiniulize. Msiweke tu."

"We, unataka niende niwaambie wale wamama leo hatuweki, halafu wakiuliza kwa nini niseme mdogo wangu amekataa? Unajua yule wa kwanza alianzaje? Alianza hivyo hivyo. 'Leo tusiweke.'"

Alikuwa na haki. Basi nilimwambia. Nilimwambia kila kitu, ripoti, zawadi, sharti la kunyamaza, na kwamba hakuna aliyenijibu. Sikufikiria zawadi wakati huo. Sikuweza kumtazama usoni nikijua na yeye hajui. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nikiwaambia hawa?" aliuliza.

"Itakuwa Kawangware yote kabla jioni. Na akisikia mtu anayejua, atajua pa kutafuta. Si pesa yenu tu iko huko."

"Na tukitoa yetu leo, bila kusema?"

"Kutoa si kosa. Mnaruhusiwa."

Alijipangusa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema, "Sawa. Tutatoa. Wataniona mbaya lakini watakuwa na pesa yao." Akaingia ndani.

Nilimfuata. Aliwaambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hajisikii vizuri kuhusu ile programu siku hizi, kwamba angependa pesa zote zitolewe leo na zigawanywe, kila mtu aende na chake. Vikombe viliwekwa chini. Mwenyekiti, mama mtu mzima anayeuza githeri ya mahindi na maharagwe pale steji ya matatu na ambaye sijawahi kumwona akiharakishwa na mtu, aliuliza, "Chake na riba?"

"Na riba."

"Na kwa nini leo?"

"Nimeota vibaya," dada akasema. Aliyekuwa na jicho bovu aliguna. Mwenyekiti alitoa simu yake kutoka kifuani bila kumwondolea dada macho, na wakabonyeza, mmoja kisha mwingine. Kile kiduara kikaanza kuzunguka.

Kilizunguka. Tukakitazama. Nilikuwa naomba moyoni maombi ya kitoto kabisa, Mungu, sasa hivi tu, halafu sitakusumbua tena. Kisha kikasimama, na maandishi mekundu yakatokea: huduma za kuweka na kutoa zimesimamishwa kwa muda.

"Imesema nini?" sauti kutoka nyuma iliuliza.

Mwenyekiti aliisoma kwa sauti.

Wakati huo huo simu yangu ilitikisika mfukoni. Niliitazama ikiwa bado nusu mfukoni. Walikuwa ni wao, hatimaye, mtu wa kweli, si mashine. Tumethibitisha ulichotuambia. Ni kikubwa. Tumefunga milango yote tunapochunguza kama kuna mtu aliyeshaitumia njia hii. Kuna programu nyingine zilizonakili mistari yetu na zina tundu hilo hilo, tunawasiliana nazo sasa hivi. Tafadhali, usiseme neno.

Kwa hiyo mlango ulifungwa na ripoti yangu. Nilikuwa nimemwomba dada atoe pesa, na mimi huyo huyo nilikuwa nimezizuia zisitoke. Na sikujua hata kama bado zimo.

Katika chama kile kulikuwa na kanuni, kama ilivyo katika vyama vingi vya akina mama: ukishindwa kueleza pesa za wenzako ziko wapi, wanachama wanakuja kwako na kubeba vitu mpaka utakapoeleza. Hakuna polisi, hakuna chifu, wala hakuna matusi. Vitu vinabebwa, vinahifadhiwa kwa mwenyekiti, na siku ukilipa vinarudi. Dada mwenyewe alikuwa ameshawahi kubeba kiti cha mtu kichwani. Siku hiyo hawakuhitaji kwenda popote, kwa kuwa walikuwa wameshaketi juu ya vitu vyenyewe.

Mwenyekiti alimwuliza mara moja tu. "Treasurer, doh iko wapi?"

"Iko. Imefungwa. Itafunguka."

"Nani ameifunga?"

Dada alinitazama. Alinitazama hiyo mara moja, sikumbuki kwa muda gani, na nilijua anasubiri nifungue mdomo au nisifungue. Nilikuwa na maneno yote tayari. Nilikuwa pia na ile sentensi kwenye simu, na picha ya watu nisiowajua, wengi, ambao pesa zao zilikuwa kwenye zile programu nyingine ambazo bado milango yake iko wazi. Sikufungua mdomo.

"Sijui," dada akasema.

Walisimama. Walianza na televisheni. Dada ndiye aliyechomoa waya wake, akauzungusha vizuri ili usikanyagwe. Wakachukua mtungi wa gesi na meko yake, wakachukua sofa, wawili mbele wawili nyuma, wakahangaika nayo mlangoni mpaka mmoja akasema igeuzwe kwa ubavu, na dada akawaonyesha ubavu upi kwa sababu yeye ndiye aliyeiingiza. Kitanda walikiacha. Mwenye jicho bovu alikuwa akilia akiwa amebeba mto wa sofa, na alipopita karibu na dada alisema, "Wewe? Hata wewe?" Sina namna ya kueleza jinsi nilivyojichukia, na jinsi nilivyowachukia wao pia, wote, kwa ustaarabu wao.

Tulibaki na kamba ya nguo, kitanda na chapati. Dada alikaa ukingoni mwa kitanda. Nilianza kulia; yeye hakulia.

"Hiyo pesa," alisema, "una uhakika bado iko?"

"Sina uhakika. Hata wao wanaangalia."

"Basi usilie sasa. Ngoja tujue kwanza kama kuna kitu cha kulilia."

Siku zilizofuata sitaki kuzirudia sana. Nilikaa kioskini. Dada aliendelea kwenda kufua, lakini mmoja wa wanachama alikuwa na jamaa katika nyumba alikokuwa akifua, na habari ilifika huko kabla yake. Aliambiwa apumzike kidogo. Alipika kwa makaa. Kila siku alinipigia simu ya neno moja, "Bado?" na mimi nilijibu neno hilo hilo. Mwenyekiti alianza kupita mlangoni kwake asubuhi, si kwa shari, kuhakikisha tu kwamba mtu bado yumo.

Kisha ujumbe ulikuja. Walikuwa wamepitia kila kitu. Hakuna aliyejitumia. Hakuna hata senti iliyotoka isivyostahili. Tundu limezibwa kwao na kwa wengine wote, milango inafunguliwa leo mchana. Nilimkabidhi mama wa Kinubi funguo za kioski katikati ya foleni, nikamwambia kuna ugonjwa, na kuchukua boda.

Mwenyekiti alikubali kuja na simu yake lakini alikuja na wanachama wote. Walibonyeza wakiwa wamesimama, maana pa kuketi hapakuwapo. Kiduara kilizunguka, kikasimama, na pesa zikaingia, zote, pamoja na riba ya zile siku zilizokuwa zimefungwa. Kuna mtu alipiga kigelegele. Nilidhani yamekwisha.

Vitu vilirudishwa jioni hiyo hiyo, sofa ikiwa na mguu mmoja umelegea. Waliomba, wakashukuru, wakamgawia kila mtu chake. Kisha mwenyekiti akasema kwa upole kwamba mwekahazina amechoka, apumzike, na akamteua mwingine. Dada alipiga makofi pamoja na wenzake.

Zawadi ilichukua muda. Waliniuliza kwa maandishi kama nilimwambia mtu yeyote kabla ya marekebisho. Ningeweza kusema hapana. Niliandika kwamba nilimwambia dada yangu, ambaye pesa zake zilikuwa humo, na kwamba hakusema. Wakajadiliana huko kwao, wakakata sehemu. Walitaka pia karatasi inayoonyesha ninakoishi, kama vile bili ya stima. Huku kwetu stima unamlipa jamaa anayekuunganishia nyaya na hakuna karatasi, kwa hiyo nilienda kupanga foleni ya barua ya chifu. Mwishowe pesa ziliingia. Hata baada ya kukatwa, sikuwa nimewahi kuona kiasi kama hicho kikiwa na jina langu. Nilifurahi sana, nilitoka nje ya kioski nikatembea mpaka relini na kurudi bila sababu.

Pamoja na pesa walitoa taarifa kwa watu wote: palikuwa na tundu, limezibwa, aliyeliona amelipwa. Sasa nilikuwa huru kusema. Sikungoja. Kwenye mkutano uliofuata nilienda nyumbani kwa mwenyekiti, nikiwa karibu kumburuta dada kwa mkono, kwa sababu alikuwa amesema tuyaache.

Nilieleza. Nilitumia vikombe vya chai ili waelewe. Walinisikiliza kwa makini, na mmoja alielewa kabisa, maana alisema, "Kumbe ni kama mtu ajichangie halafu ahesabiwe mara mbili." Nikasema ndiyo, hasa. Nikasema dada alitaka kuwaokoa, na alinyamaza kwa ajili yangu na kwa ajili ya watu wengi.

"Na nani aliibiwa?" mwenyekiti akauliza.

"Hakuna."

"Mwizi alikuwa nani?"

"Hakukuwa na mwizi. Angeweza kuja. Tulimwahi."

Walitazamana. Niliona nawapoteza, na hasira yangu ikanipanda, ile ya dirishani. Nikasema kama hamniamini, angalieni. Nikatoa simu nikawaonyesha malipo, na ujumbe wa shukrani juu yake. Nilidhani hakuna mtu anayeweza kubishana na hilo. Nani analipa pesa zote hizo kwa jambo ambalo halikuwepo?

Simu ilipita mkono kwa mkono, polepole. Ilipofika kwa mwenyekiti aliishika mbali na macho yake ili asome vizuri. Alisoma tarehe. Alisoma kiasi.

"Kwa hivyo pesa ilikuja kwako," alisema.

"Ni zawadi."

"Yetu ilikuwa imefungwa wiki hiyo yote. Hatukuweza kutoa. Na baada ya hiyo wiki, kutoka huko kulikofungwa, wewe ndio ukapata." Alinirudishia simu kwa mikono miwili, kwa heshima. "Sisi si watoto. Mliizungusha pesa yetu. Mlirudisha yetu yote, hiyo tunashukuru. Wengine hawarudishi. Lakini faida ya pesa ya chama huwa ya chama."

Walitikisa vichwa kukubali, hata yule aliyeelewa vikombe. Waliona hapo mwisho wa hesabu ambayo ilikuwa imewasumbua, na walipumua. Nikiwapa, tumekiri. Nikiwanyima, tumekula. Nilikuwa mbele ya watu ambao sasa walikuwa na ushahidi, na ushahidi huo niliwapelekea mwenyewe kwa mkono wangu.

Dada aliinuka, akajifunga leso, akawaaga mmoja mmoja. Nilimkuta nje akivaa viatu.

"Nilitaka wajue," nilimwambia.

"Najua." Alifunga kamba ya kiatu cha pili. "Si ungewaambia tu niliogopa. Wangenicheka kwa uoga, halafu wangeniita tena kwa chai."

Tukaanza kutembea kwenda kwake. Njiani watu wawili walimsalimia, naye akaitikia.